Mto Ulanga hauendi ziwani

Neno manowari ni la kuazima. Waingereza waliziita meli zao za vita man-of-war. Watu wa pwani wakalisikia, wakalizungusha mdomoni, wakalitia irabu palipohitaji irabu, likatoka manowari. Limekaa vizuri hata wanafunzi wangu huniuliza umoja wake ni upi, wakidhani ile ma- ya mwanzo ni ya wingi kama ya maembe na mapera. La hasha. Manowari moja, manowari kumi. Neno geni likifika pwani hii hutandikiwa mkeka likaketi na wenyeji. Leo nataka tutazame safari ya upande wa pili. Maneno yetu, mito yetu na watu wetu walipochukuliwa wakatiwa ndani ya filamu ya vita vya majini, walipokewa vipi huko ugenini?

Filamu yenyewe ni The African Queen, iliyoelekezwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951. Waigizaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart aliipatia tuzo ya Oscar. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Nimeitumia darasani kwa miaka mingi, na zoezi la kwanza huwa lile lile: kila mmoja aniletee makosa aliyoyaona. Vijana hulipenda sana zoezi hili. Hakuna kinachomfurahisha mwanafunzi kama kumkosoa mtu maarufu aliyekwisha kufa.

Kwa ambaye hajaitazama, kisa chake ni hiki. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kasisi Mwingereza na dadake Rose wanaendesha misheni katika kijiji kiitwacho Kungdu. Wajerumani wanakuja, wanakichoma kijiji, wanampiga kasisi, naye anafariki. Rose anachukuliwa na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua chakavu ya mvuke. Bibi huyu anashika wazo moja tu. Wateremke mto Ulanga, ambao huko chini hubadilika jina ukawa Bora, wafike kwenye ziwa, na huko wailipue Louisa, manowari ya Kijerumani inayowazuia Waingereza wasivuke. Watatengeneza topido mbili kwa mitungi ya oksijeni na baruti. Njiani kuna ngome ya Wajerumani ya kupitwa kwa risasi, kuna maporomoko, kuna matete, kuna ruba, na kuna mapenzi.

Makosa ya mwendelezo, yaani yale ya picha moja kutoumana na inayofuata, hayahitaji darubini. Mto mmoja wa filamu umeshonwa kwa vipande vya mito kadhaa. Sehemu kubwa ilipigwa kwenye mto Ruiki huko Kongo ya Wabelgiji, nyingine Uganda kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba, Ziwa Albert. Waigizaji walipotakiwa kuingia majini wenyewe, kazi ikahamishiwa London ndani ya tangi, kwa sababu maji ya huku yaliogopewa kwa kichocho. Basi maji hubadilika rangi bila mvua kunyesha. Kwenye maporomoko utawaona Bogart na Hepburn wametingishwa mbele ya picha ya mto uliopigwa siku nyingine, na kingo zao zikiwa na kauzi ka rangi kama mtu aliyekatwa kwa mkasi kutoka gazetini. Palipo na hatari zaidi mashua hugeuka ya kuchezea. Hata ruba wa Bogart ni wa mpira. Yule wa kweli anayeonekana kwa karibu amebandikwa kifuani mwa mtu mwingine, mfugaji wa ruba wale.

Haya yote nayasamehe. Mwaka 1951 kubeba kamera nzito za filamu ya rangi hadi msitu wa Kongo ilikuwa kazi ya kichaa, na Hepburn mwenyewe aliandika kitabu kizima juu ya vile walivyougua. Mwanafunzi anayeniletea orodha ya mashati yaliyokauka upesi humpa nusu ya alama na kumwambia arudi atazame tena.

Kosa la kwanza linalonikwaza ni la chombo. Mwishoni dhoruba inapiga ziwani, mashua inajaa maji na kupinduka. Charlie na Rose wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa. Nahodha wa Louisa anawafungisha ndoa kwanza, maana wameomba. Basi kabla kamba haijavutwa, Louisa inagonga ile mashua ambayo kumbe ilikuwa ikielea juu chini, topido zikiwa zimechomoza kwenye omo. Kishindo. Wajerumani chali.

Sehemu hii niliwahi kuitazama na jirani yangu hapa Ganda, nahodha mstaafu aliyemaliza ujana wake akivua kati ya Malindi na Ngomeni. Hakusema neno mpaka hapo.

"Mwalimu, hii mashua ina injini?"

"Ina injini, nahodha. Ya mvuke."

"Na tangi la kuchemshia maji. La chuma?"

"La chuma."

"Na hapo mbele wametoboa mashimo mawili watie hayo mabomu yao."

"Ndiyo."

"Basi hiyo iko chini, mwalimu. Iko chini saa hizi na changu wamelala ndani. Hawa wanatufanya sisi watoto."

Nilijaribu kumtetea Huston. Nikasema pengine hewa ilinaswa chini ya ngama ikaibeba. Akacheka kwa adabu, akaomba maji ya kunywa.

Ukitaka kujua jambo hili lilitoka wapi, rudi kwenye riwaya. Forester hakuandika hivyo. Katika riwaya yake mashua inazama dhorubani na inabaki imezama kama chombo chochote chenye haya. Mpango wa Rose unaambulia patupu. Wanaoizamisha manowari ya Kijerumani ni Waingereza, kwa motaboti mbili za vita zilizobebwa nchi kavu hadi ziwani. Mwisho huo una uchungu: watu wawili wameteseka mto mzima, na kazi imefanywa na wengine asubuhi moja. Hollywood haikuutaka. Ikaiibua mashua kutoka chini ya ziwa ili wapenzi wapate ushindi wao. Kwa hivyo hili halikuwa kosa la kutojua. Aliyeandika filamu alikuwa na ukweli mkononi akauweka kando.

Na ulikuwa ukweli hasa. Motaboti hizo zilikuwepo. Mwaka 1915 Uingereza ilituma mbili kutoka London hadi Cape Town kwa meli, zikapanda reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba mpaka Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, sauti za paka na mbwa kama watoto wa Kifaransa wanavyoziiga, na wakubwa wakapitisha bila kujua kwamba ni paka na mbwa wale wale. Hebu fikiri mtu wa Kigoma au wa Ujiji akiambiwa jina la manowari hiyo. Nani ameiteka meli ya Wajerumani? Mimi! Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliiteka Kingani, iliyopewa jina la mto wa karibu na Bagamoyo, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani ile ile iliyokwisha kubatizwa Fifi, zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Wengi husema Louisa wa filamu ni Graf von Goetzen, meli ambayo leo inaitwa Liemba. Mimi sikubaliani nao sana. Charlie anasema Louisa ni ya tani 100 tu. Goetzen ilikuwa meli ya urefu wa mita 70 hivi, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwa maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpya ya Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Septemba 1914 ilikuwa bado vyuma na ribiti. Aliyetawala Ziwa Tanganyika mwezi ule ni Hedwig, chombo kidogo, iliyokwisha kuiharibu stima ya Wabelgiji mwezi Agosti. Louisa ana umbo la Hedwig na sifa za Goetzen.

Goetzen yenyewe haikuuawa na topido ya mtu yeyote. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipouacha mji wa Kigoma, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hilo upande wa kusini. Vizazi vya abiria na magunia ya dagaa vimesafiri ndani ya meli ambayo watu wa sinema wanasema ililipuka.

Sasa turudi kwenye mto, maana hapa pana kioja kinachonifanya nicheke kila mwaka.

Ulanga ni mto wa kweli. Ni jina jingine la Kilombero, na wilaya ya Ulanga iko mkoani Morogoro, makao yake Mahenge. Mto huo haufiki ziwa lolote. Hukutana na Luwegu, na hapo huzaliwa Rufiji. Rufiji nao hupita katika bonde jembamba la Stiegler, ambapo siku hizi Tanzania imejenga bwawa la umeme la Julius Nyerere, kisha hutanuka na kugawanyika katika mikoko na kumwagika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Forester alihitaji mto uingie ziwani, akaugeuza. Sawa. Lakini hebu tumfuate Rose katika Ulanga halisi, katika Septemba 1914 ile ile aliyoichagua mwenye filamu. Ateremke, apite maporomoko ya kweli, apite Stiegler, aingie kwenye mikoko. Angekuta nini?

Angekuta manowari ya Kijerumani!

SMS Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji mapema Septemba 1914, ikiwa haina makaa ya mawe. Alfajiri ya tarehe 20 mwezi huo iliikuta HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Kisha ikarudi mafichoni, mtambo wake mmoja ukiwa umeharibika. Vipuri vya tangi lake vilikokotwa na watu porini hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa kurudi. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakaifungia mlango kwa meli zao, wakazamisha meli kuukuu mtoni ili kuziba njia, wakaleta ndege. Miezi ikapita. Hatimaye Julai 1915 walileta Severn na Mersey, vyombo vyenye tumbo bapa vinavyoweza kupanda mto, na tarehe 11 wakaimaliza. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja ulisafiri hadi Kigoma ukafungwa juu ya Goetzen. Mwingine umesimama Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wanaopigwa picha na watalii bila kujuana.

Kwa hiyo aliyeugeuza mto ili apate manowari ya kubuni aliihepa manowari ya kweli iliyokuwa ikimsubiri mwisho wa mto huo huo, mwezi huo huo. Na maporomoko yangekuwa ya bure. Nimewauliza wanafunzi wengi, na sijapata hata mmoja aliyeona kwamba hadithi ya Forester ni bora kuliko hii.

Iko filamu nyingine iliyoijaribu Königsberg yenyewe: Shout at the Devil ya mwaka 1976, ya Peter Hunt, kutoka riwaya ya Wilbur Smith, akiwemo Lee Marvin na Roger Moore. Sitapoteza wino mwingi. Rufiji yake ilipigwa picha Afrika Kusini, manowari imeitwa Blücher, na inaangamizwa kwa bomu la mashujaa wazungu wawili watatu. Blücher ya kweli ilizama Bahari ya Kaskazini Januari 1915. Haikupata kuiona mikoko. Kando ya filamu hiyo, The African Queen ni chuo kikuu.

Mwenzangu mmoja kijana, mwalimu wa sanaa za maonyesho, huniambia: "Profesa, hii ni hadithi. Mbona hamtaki kutuachia tubuni?" Namjibu kwamba nakubali. Shakespeare aliipa Bohemia pwani ya bahari katika The Winter's Tale, na Bohemia haina bahari, na tamthilia haijazama kwa sababu hiyo. Mwenye hadithi anaweza kuuhamisha mto kama anavyohamisha kiti. Ninachomuuliza mimi ni hiki: alipokuwa akiubuni ulimwengu huu, alimsikiliza nani?

Tutazame majina. Kungdu. Litamke. Lugha za Kibantu hupenda silabi iishie kwa irabu, na konsonanti zikikutana huwa kwa mpango: mb, nd, nj, ng na jamaa zao. Hakuna mpango unaoruhusu ng na d kusukumana bila irabu kati yao. Mngindo hawezi kulizaa jina hilo, wala Mpogoro, wala Mbena, ambao ndio watu wa pande za Ulanga. Kwenye bango la kanisa limeandikwa kwa kugawanywa, Kung Du, likazidi kusikika kama la Uchina. Aliyelitunga alitaka sauti ya mbali, na umbali wake haukupimwa kutoka popote.

Ngome ya Wajerumani inaitwa Shona. Katika masikio ya Mswahili hiyo ni amri anayopewa fundi cherehani. Katika ramani ni jina la watu wa Zimbabwe, ambao lugha yao ilipewa jina hilo rasmi kufuatia ripoti ya Clement Doke mwaka 1931, miaka minne kabla ya riwaya. Ngome ya kweli ya Wajerumani katika pande zile ilikuwa Mahenge, na ina historia ya kutisha. Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, maelfu ya watu waliikabili kwa mikuki wakaangushwa na bunduki za rashasha. Jina Mahenge lilikuwa katika kila ramani ya Wajerumani. Halikuchukuliwa.

Na mto baada ya Shona unaitwa Bora. Kwa hivyo, msomaji wangu, ukiisikiliza filamu hii kwa Kiswahili, wazungu wawili wanapigwa risasi penye Shona, wakinusurika wanaingia Bora. Darasa hucheka hapa mpaka mlinzi huja kuchungulia.

Kuna hili la misheni pia. Bango linasema ni kanisa la Kimethodisti. Wamishenari Waingereza waliokuwa katika himaya ya Wajerumani walikuwa hasa wa CMS na UMCA, na vita vilipoanza waliwekwa kizuizini, wengi wao wakaishia Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Wamethodisti wa Kiingereza walikuwa huku kwetu: Ribe tangu mwaka 1862, Jomvu, Mazeras, na Golbanti kwenye Tana. Yaani huyu Kasisi Sayer, kama angekuwepo, ungemkuta Kilifi.

Na angekuwa ameimba kwa lugha gani? Hili ndilo kosa ambalo kwangu mimi mtu wa lugha ni kubwa kuliko ya mito na mashua. Filamu inaanza kanisani. Rose anapiga kinanda, kaka yake anaimba kwa jasho, wawili hao wakiimba wimbo wa Kiingereza unaosikika. Waumini Waafrika wanatoa mvumo usio na maneno, kama nyuki waliochokozwa. Mzaha wenyewe ndio huo. Tunaambiwa ndugu hawa wameishi hapo miaka kumi.

Miaka kumi! Mwaka 1914! Krapf alikwisha kuitoa Injili ya Luka kwa Kinika, kama walivyoyaita wakati ule maneno ya hapa kwetu, mwaka 1848. Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na mwaka huo huo W. E. Taylor alichapisha msamiati wa Kigiriama na mkusanyiko wa methali za Waswahili. Tunaweza kuwashtaki wamishenari kwa mengi, na nimewashtaki katika ukumbi huu. Lakini uvivu wa kujifunza lugha haumo katika hati ya mashtaka. Ndio waliotuachia kamusi tunazogombana nazo hadi leo. Mmishenari wa miaka kumi asiyekuwa na ubeti mmoja wa lugha ya waumini wake ni kiumbe aliyezaliwa studio. Waliokusanywa kuigiza waumini wale, nina hakika walijua kuimba. Waliambiwa wasiimbe.

Baada ya hapo kijiji kinachomwa moto. Charlie anaeleza kwa sentensi moja kwamba Wajerumani wanataka kuwafanya wenyeji askari. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ndiyo ya mwisho. Wanakijiji wanatoka katika filamu na hawarudi. Kasisi anazikwa na kuliliwa. Hakuna anayeuliza walikopelekwa wale wengine. Mto mzima hadi ziwani hauna mvuvi wala mtumbwi, hauna mama anayefua. Delta ya Rufiji ina watu. Kilombero una watu. Anayesafiri mito hiyo husalimiwa mpaka achoke.

Ukiuliza walikokwenda, jibu liko katika majina ya mitaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu, kikosi cha wachukuzi. Waingereza waliandika vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000, na hao ni walioandikwa. Zile motaboti mbili za Spicer-Simson hazikuvuka Mitumba kwa sala. Zilijengewa madaraja zaidi ya 100 na vibarua wa Katanga, na trekta zilipoishiwa maji wanawake waliyabeba kwa mitungi. Mizinga ya Königsberg ilivutwa kwa kamba na mamia ya mabega. Vita vya majini vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa sehemu kubwa nchi kavu, kichwani mwa watu.

Na Septemba 1914 hapa tulipo? Tarehe 4 Agosti, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori Kola walikuwa wamekwisha kukamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa Mumias. Wagiriama walikuwa wanatakiwa wahame kaskazini ya Sabaki na watoe vijana wa kazi. Wakakataa. Mwezi ambao Rose wa filamu anasikitika kuona vibanda vikichomwa na Wajerumani, huku nyuma ya Malindi vibanda vilikuwa vinachomwa na Waingereza, jamaa zake Rose. Vilipokwisha vita hivyo vidogo, Wagiriama walitozwa faini na kudaiwa vibarua. Nyumba kadhaa za Ganda na vijiji jirani bado zina jina la babu aliyechukuliwa mwaka ule, na zinalijua.

Sisemi Huston angeitia Kaya Fungo katika filamu ya Ulanga. Nasema alichagua mwezi na mwaka, akaandika kwenye pazia kwa herufi kubwa, na mtazamaji wa Malindi ana haki ya kuusoma mwezi huo kwa macho yake. Mtoto wa shule anayekutana na vita vile kwa mara ya kwanza kupitia filamu hii atatoka akijua kwamba moto ulikuwa wa Mjerumani peke yake. Hilo huwezi kulisahihisha kwa kumwonyesha ukingo wa rangi kwenye kofia ya Bogart.

Wale vijana wa mabanda ya video wanaotafsiri sinema papo hapo kwa kipaza sauti wananipa mawazo. Wao hawaogopi mwenye filamu. Palipo na kimya hutia maneno, palipo na jina gumu hutia la mtaani. Wasomi wengi huwadharau. Mimi muhula uliopita niliiga kazi yao darasani. Niliwapa wanafunzi dakika chache tu za mwanzo, kuanzia kanisani mpaka kijiji kinapowaka, nikazima sauti, nikawaambia waandike wanachosema wale wasiosemeshwa. Wengi waliandika hotuba dhidi ya ukoloni, ndefu, nzuri, ambazo hakuna mtu angezitoa huku akikimbia moshi. Binti mmoja wa kutoka bara ya Malindi aliandika mstari mmoja tu, wa mama anamwambia mwanawe: "Shika chungu, mkeka uache." Nikampa alama zote.